Aliniomba Msamaha kwa Kosa Langu

“Nisamehe, Olzhas.”

Akbota alisema hivyo akiwa amelala chali kwenye mkeka, magoti juu, mikono ikipiga hewa chini juu, chini juu. Nilikuwa nimepiga magoti pembeni yake namhesabia. Zoezi lenyewe linaitwa mia, na tulikuwa tumefika sitini na mbili.

“Sitini na tatu,” nikasema. “Usiongee, pumzi itakupotea.”

“Nimeharibu msimu wetu mzima. Kila nikilala hapa nawaza hilo tu. Kama nisingeinama mapema siku ile…”

“Sitini na nne.”

“Nisamehe.”

“Hakuna cha kusamehe, Bota. Sitini na tano.”

Rimma-apai, mwalimu wetu wa pilatesi, mazoezi ya kukaza tumbo na mgongo, alikuwa anapita katikati ya mikeka bila viatu. Ni mama wa miaka sitini, Mkorea wa hapa hapa Almaty, zamani alikuwa mcheza baleti; apai ni neno letu la heshima kwa mwanamke aliyekuzidi umri. Akasimama nyuma yangu.

“Mbavu, Akbota,” akasema. “Zifunge. Toa pumzi, kitovu kizame kuelekea uti wa mgongo. Hivyo hivyo. Mgongo wako hauna kosa lolote, binti yangu. Una adabu kuliko migongo mingine humu ndani.”

Wenzetu walicheka kidogo. Mimi sikucheka, maana nilijua anamsema nani.

Mimi na Akbota tulikuwa tunateleza kwenye barafu wawili wawili, ule mchezo ambao mwanamume anambeba mwenzake juu ya kichwa huku miguu inakimbia. Tulianza yeye ana miaka kumi na minne, mimi kumi na sita. Kufika miaka ya ishirini tulikuwa wapenzi, na hakuna aliyeshangaa. Mtu ukimbeba kila siku kwa miaka minane, unajua hata akikasirika anakuwa mzito upande gani.

Mwaka uliotangulia kocha wetu, Marat-aga, yaani kaka mkubwa Marat, alitupeleka kwa Rimma-apai. “Huyu kijana ana mabega ya fahali na kiuno cha kifaranga,” alimwambia. Rimma-apai akaniambia nimnyanyue Akbota pale pale sakafuni. Nikamnyanyua. Akatikisa kichwa.

“Unambeba kwa mikono. Mikono inachoka,” akasema. Akanigonga kwa vidole chini ya kitovu. “Mtu anabebwa kutoka hapa. Hapa pakiwa palegevu, ufundi wote wa juu ni maonyesho tu.”

Akatupa mazoezi ya nusu saa kila asubuhi, wiki sita. Akbota aliyafanya yote. Mimi nilifanya siku nne. Niliona kulala kwenye mkeka na kupumua ni mambo ya akina mama waliojifungua. Nilikuwa nanyanyua vyuma, nikijitazama kwenye kioo naona mwanamume. Lakini kila asubuhi simu ililia.

“Umefanya?” aliandika Rimma-apai.

“Nimemaliza, apai,” nilijibu nikiwa chini ya blanketi.

Dakika tano baadaye, Akbota:

“Umefanya, mpenzi?”

“Nimemaliza kabla yako, mvivu wewe.”

Anatuma vicheko. Nageuka upande wa pili, nalala.

Mwezi wa Novemba tukawa mazoezini. Nilimnyanyua vizuri, mzunguko wa kwanza, wa pili. Wa tatu kiuno kikalegea, mgongo ukapinda, maumivu yakanichoma kama kisu. Mkono wangu wa kulia ukamwachia. Sikuteleza, wala yeye hakufanya lolote. Nilimwachia ili niokoe mgongo wangu. Akashuka kutoka juu, akaangukia kiuno kwenye barafu.

Marat-aga alikuwa mbali anazungumza na wengine. Alikuja mbio.

“Nini kimetokea?”

Akbota alikuwa amelala ubavu, midomo myeupe. “Nadhani niliinama mapema,” akasema.

Marat-aga akanigeukia. “Aliinama?”

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja.

“Sikuona vizuri,” nikasema. “Labda.”

Hiyo labda ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti, ila walipoiandika hawakuandika labda. Waliandika kwamba mchezaji wa kike aliinama kabla ya wakati, kosa la ufundi. Akbota alikaa miezi mitatu kwenye mkanda mgumu wa kiunoni. Pingili moja ya mgongo ilikuwa imepata ufa. Nilimletea supu, nikamvalisha soksi, nikambeba kumpandisha ngazi mpaka ghorofa ya nne. Watu wakaniita kijana wa mfano. Na yeye kila siku, akiwa anapambana kuinua mguu mmoja sentimita kumi, ananiomba msamaha.

Sasa ilikuwa Julai, miezi minane imepita. Siku ile, darasa lilipokwisha, Akbota akaenda kubadilisha nguo. Rimma-apai akaniita.

“Wewe baki. Kaa mkao wa ubao.”

Nikaweka viwiko na vidole vya miguu chini, mwili umenyooka. Sekunde ishirini tu, kiuno kikaanza kuning’inia.

“Inuka,” akasema. “Nimefundisha miaka thelathini. Wiki sita za mazoezi yale zinaacha alama mwilini. Kwako sikuiona. Nimejua tangu siku ile ya Novemba.”

Nikakaa pale chini nimeduwaa. “Mbona hukusema, apai?”

“Nilingoja useme wewe. Nimengoja mpaka nimechoka. Yule binti anakuja hapa kila siku kurekebisha kitu ambacho hakikuharibika. Mgongo umepona. Sasa anauogopa mgongo wake. Mimi dawa ya hilo sina.”

“Nikimwambia, nitampoteza.”

“Huenda.”

“Ndiyo unavyonishauri?”

“Sikushauri. Nakwambia ninachokiona, hiyo ndiyo kazi yangu. Kunja mkeka wako.”

Jioni ile mama yangu akapiga simu kutoka Taldykorgan.

“Mwanangu, Jumamosi hii tunakuja. Hereni nimeshazitoa kwa sonara, zinang’aa. Ni zile za bibi yako. Nitamvalisha mwenyewe.”

Kwetu, mama wa kijana akimvalisha msichana hereni, basi amechumbiwa.

“Mama, tusogeze mbele kidogo.”

“Tungoje nini tena? Msichana kaumia mgongo, kijana mwingine angekimbia. Wewe umekaa. Nikimwona mtu hapa jirani namwambia, nimelea mtu.”

“Mama…”

“Usiniharibie furaha, Olzhas. Shangazi zako wameshanunua vitambaa.”

Alhamisi asubuhi nikapata ujumbe wa Akbota. Alikuwa ameomba kazi ya kufundisha watoto wadogo pale uwanjani, kazi aliyoingoja tangu Mei.

“Nimeikosa. Wamesema wazazi wataogopa, maana ripoti inasema kosa lilikuwa la ufundi wangu. Usihuzunike, mpenzi. Nastahili.”

Nilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi sana. Nikaandika: “Hustahili. Mimi ndiye niliyekuachia.” Nikayatazama. Nikafuta. Nikaandika: “Pole, mpenzi wangu. Tutapata nyingine.” Nikatuma.

Ijumaa nilikwenda kwao nimeamua kusema. Mama yake, Mama Kulyash, akanifungulia mlango, mikono imejaa unga, anakaanga maandazi ya kesho. Akanimiminia chai ya maziwa na kunisukumia bakuli la aprikoti. “Kula, mkwe wangu. Umekonda kwa kumuuguza mwanangu.” Nikala. Nikanywa vikombe vitatu. Nikaaga. Mwoga hasikii ladha, lakini chai ile naikumbuka mpaka leo.

Jumamosi nyumba ilijaa. Shangazi zangu, wajomba zake, meza imefunikwa kwa nyama, maandazi, zabibu kavu, vipande vya tikiti. Akbota alikuwa amevaa gauni la kijani, amekaa wima kabisa kama Rimma-apai alivyomfundisha. Nilipomwangalia akanikonyeza.

Mama Kulyash akasimama na kikombe cha chai.

“Mimi si msemaji,” akasema. “Baba yake alishatangulia, kwa hiyo nitasema mimi. Binti yangu alifanya kosa kwenye barafu, akapoteza kila kitu. Kijana huyu angeweza kutafuta mwenzake mwingine kesho yake. Hakufanya hivyo. Kama ningekuwa na mtoto wa kiume, ningetaka awe kama yeye.”

Wanawake wakafuta machozi. Mama yangu akafungua kijaluba, akatoa hereni ya kwanza, akamwinamia Akbota na kusogeza nywele zake pembeni ya sikio.

“Mama, subiri,” nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani. “Nini?”

“Usimvalishe. Hajui anachumbiwa na nani.”

Mjomba mmoja akacheka akidhani ni utani. Akbota hakucheka.

“Hukuinama mapema, Bota. Hukuinama kabisa. Yale mazoezi ya asubuhi sikuyafanya. Nilikuwa nakudanganya kila siku. Kiuno changu kilishindwa, nikaumia, nikakuachia. Marat-aga aliponiuliza nikasema labda. Ningeweza kusema ukweli. Sikusema.”

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Mama Kulyash aliweka kikombe chini polepole. Mama yangu akarudi nyuma hatua moja, hereni bado ipo vidoleni, ananitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

“Miezi minane,” akasema Akbota.

“Ndiyo.”

“Nilikuomba msamaha. Kila siku. Wewe unajibu nini? Hakuna cha kusamehe.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa na miezi minane, tukiwa wawili tu, nimelala sakafuni miguuni pako. Ukachagua leo, mbele ya wajomba zangu?”

“Jana nilikuja kukwambia. Nikashindwa.”

“Marat-aga umemwambia?”

“Bado.”

“Basi hujasema kitu,” akasema. “Hapa umetua mzigo wako tu.” Akasimama. Hakushika meza, hakushika kiti. Alisimama kwa kiuno chake mwenyewe, akamshika mama yangu mikono yote miwili. “Nisamehe, mama. Zirudishe kwenye kijaluba.” Akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Tulikuwa kwenye gari, tumefika taa za kwanza za barabarani, mama yangu akanigeukia.

“Watu wote nimewaambia,” akasema. “Nimelea mtu.” Baada ya hapo hakuzungumza nami wiki tatu.

Jumatatu nikaenda uwanjani. Marat-aga alikuwa na vijana wanane kando ya barafu.

“Aga, nina neno. Nataka na hawa wasikie.”

Nikaeleza yote, tangu ujumbe wa kwanza wa uongo. Alinisikiliza akiwa ameshika filimbi mdomoni bila kuipuliza. Nilipomaliza akaitoa.

“Rudia pale pa labda.”

Nikarudia.

“Miezi minane,” akasema kwa sauti ya chini, “kila anayeniuliza habari za yule binti namwambia ni mzuri ila hana ufundi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Unajua nilimfundisha tangu ana miaka sita?”

“Najua, aga.”

“Andika. Tia sahihi. Halafu rudisha viatu vya kutelezea, vyuma vyake vilinunuliwa na chama.”

Niliandika kurasa mbili. Jina langu likatolewa kwenye orodha ya wachezaji. Ripoti ikabadilishwa. Septemba Akbota akapata kazi yake ya watoto, na kocha mwenyewe ndiye aliyekwenda kwao kumwambia, amebeba matikiti mawili kwapani na hajui pa kuyaweka. Hayo nilisimuliwa. Mimi namba yangu Akbota alikuwa ameshaifunga.

Nikapata kazi ya kufunga madirisha kwenye majengo mapya. Na nikarudi kwa Rimma-apai.

“Nifundishe,” nikamwambia.

“Ya nini sasa? Hutelezi tena, humbebi mtu.”

“Sijui, apai.”

“Afadhali hujui. Lala chini.”

Nilianza kama mtoto. Kulala chali na kupumua, mbavu zifunguke pembeni, zifungike. Kuinua kiuno pingili moja baada ya nyingine na kukishusha vivyo hivyo. Nilikuwa na nguvu za kuvunja mlango, lakini kushusha mguu mmoja bila mgongo kuinuka kulinitoa jasho. Nikaelewa alichokuwa anakisema. Mabega yangu yalikuwa yanafanya kazi ya tumbo, na kelele za vyuma zilikuwa zinaficha uvivu. Kila zoezi nililolimudu lilinitia uchungu. Yote pamoja yalichukua nusu saa. Nusu saa kwa siku ingetosha asianguke.

Oktoba, mlango ukafunguliwa, akaingia Akbota. Alitandika mkeka kona ya mbali. Hakunisalimu. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa, akimaliza anaondoka. Rimma-apai hakujaribu kutupatanisha. Ikaja theluji, ikaja Januari, mimi kona hii, yeye kona ile.

Ijumaa moja ya Februari darasa lilijaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, pembeni yangu. Akasimama ameshika mkeka, akatazama huku na huku, akatandika.

Tulikuwa kwenye zoezi la kushusha mguu. Nikasikia sauti yake, chini kwa chini.

“Unashusha haraka. Mgongo unainuka.”

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza baada ya miezi saba.

“Wapi?”

Akapitisha kiganja chake kati ya mgongo wangu na mkeka. “Hapa. Bonyeza mkono wangu. Usiuache.”

Nilibonyeza. Nikashusha mguu mpaka chini, polepole, na mkono wake ukabaki umebanwa. Nilikuwa natazama dari, machozi yananitiririkia masikioni. Alijifanya hayaoni.

Baada ya darasa nilimkuta kwenye benchi la kuvalia viatu. Hakuondoka.

“Kaa,” akasema. “Unadhani uliniibia nini?”

“Msimu. Kazi. Jina lako.”

“Hayo yamerudi, au nimeshayazoea. Sikiliza. Siku ile nilihisi mkono wako unaondoka. Nilihisi wazi kabisa, kabla sijaanguka. Lakini ukasema labda, na mimi nilikuamini kuliko nilivyojiamini. Kwa hiyo nikauambia mwili wangu, wewe ndiye mwongo. Miezi minane. Nikishuka ngazi, nauuliza, utanidanganya tena? Nikipika, nikioga, nauogopa. Wakati ulikuwa unaniambia kweli muda wote.”

“Nisa…”

“Usilitamke hilo neno. Ukilitamka namsikia yule mimi wa kwenye mkeka, namwonea huruma mpaka nachukia.”

“Basi niseme nini?”

“Sijui.” Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. “Nilikuja huku Oktoba ili nikuone umeshindwa. Nilitaka nikukute kwenye kioo na vyuma vyako. Nikakukuta sakafuni umelala kama kuku aliyechinjwa, apai anakugombeza.”

“Ananigombeza kila siku.”

“Nimeona. Bado nina hasira.”

“Najua.”

“Na bado nakupenda, na hilo ndilo linaniongezea hasira. Kwa hiyo fanya hivi. Kila siku uniambie jambo moja la kweli. Hata dogo, hata la kijinga. Namba yako nitaifungua kwa hilo tu. Siku ukipamba, nafunga.”

“Nianze leo?”

“Anza.”

Nikafikiri. “Leo kwenye zoezi la ubao nilishusha magoti mara mbili apai alipogeuka.”

“Mara tatu,” Rimma-apai akasema kutoka ndani, akikusanya mikeka.

Akbota aliinamisha uso kwenye skafu yake, mabega yakatikisika. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Nilituma ukweli mmoja kila siku. “Leo nimevunja kioo cha dirisha nikasema kilikuja kimevunjika. Halafu nikarudi kwa msimamizi nikamwambia ni mimi.” “Leo nimemwonea wivu kijana aliyekushikia mlango.” Naye wakati mwingine alijibu, wakati mwingine hakujibu. Aprili tukanywa chai. Juni akaniambia, “Nenda kwa mama. Peke yako, bila zawadi.” Mama Kulyash aliniacha nimesimama mlangoni dakika nyingi, halafu akasema, “Nilikusifu mbele ya watu. Sitarudia kukusifu. Ingia.” Mpaka leo hajarudia, na ni haki yake.

Tulioana Septemba. Haikuwa harusi kubwa. Mama yangu alilia tangu asubuhi, Marat-aga alicheza vibaya kuliko wote, Rimma-apai alitazama migongo ya wageni. Mchana tukatoka nje kupiga picha, milima iko nyuma yetu. Mpiga picha, kijana mchangamfu asiyejua lolote, akapiga makofi.

“Haya, bwana harusi. Mnyanyue mkeo juu, juu kabisa. Nasikia mlikuwa mnateleza nyie.”

Mama Kulyash akatazama chini. Kiuno changu kilikuwa tayari, nilikihisi, imara kuliko kilivyokuwa wakati wowote maishani mwangu. Mikono sikuinyanyua.

Akbota alinitazama usoni kwa muda mrefu.

“Sio leo,” akamwambia mpiga picha. “Tupige hivi hivi, tumesimama.”

Akasogea pembeni yangu na kunyoosha mgongo. Nami nikasimama wima kando yake, mikono imeshuka, nikangoja mpaka yeye mwenyewe alipoushika mkono mmoja.